Njano Haitoki Kwenye Jani

Mwezi wa saba ukifika Ipililo, kata iliyo wilayani Maswa mkoani Simiyu, uwanja wa nyumba hubaki na rangi chache. Pamba imeshavunwa, mabua ya mtama yameliwa na ng'ombe, vumbi limepanda hadi kwenye mabati. Minyaa ya wigo bado ni ya kijani, lakini minyaa haina jani la kumvutia mpita njia. Katika msimu huo ndipo mmea mmoja wa mapambo unapoonyesha thamani yake. Majani yake ni marefu na manene, yamesimama wima, yana mabaka ya kijani hafifu juu ya kijani kilichokolea, na kila jani limezungukwa na ukingo wa njano kuanzia udongoni hadi kwenye ncha. Hayapukutiki kiangazi wala masika. Mmea ukiridhika na mahali ulipo, hutoa pia maua meupe yanayonukia usiku.

Vitabu huuita sansevieria. Wauza miche wa mijini wengi hutumia jina la Kiingereza lenye nyoka ndani yake, kwa sababu ya yale mabaka. Wapo pia wanaouita kwa mkato tu, "yale maua ya mkonge," na hawajakosea sana, kama itakavyoonekana mbele.

Tuanze na ndoo. Simiyu hupata mvua ya milimita 600 hadi 900 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha kwa vipindi kati ya Oktoba au Novemba na Mei, tena mara nyingi hukatika katikati wakati mahindi yanaihitaji zaidi. Kuanzia Juni hadi Septemba ni ukavu mtupu. Kwa nyumba inayochota maji kisimani au lamboni, kila ndoo ina kazi yake kabla haijafika nyumbani: kunywa, kupika, kunawa, kunywesha ndama. Kumwagilia waridi katika hali hiyo ni anasa, na mama mwenye nyumba anayekataa kufanya hivyo ana haki kabisa. Mradi mkubwa wa maji ya Ziwa Victoria kwa wilaya za Bariadi, Itilima, Busega, Maswa na Meatu uliidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017. Na hata bomba likifika mlangoni, maji ya bomba yana ankara.

Sansevieria haidai ndoo hiyo. Majani yake ni ghala la maji. Siri nyingine iko kwenye saa zake za kazi. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na papo hapo hupoteza maji mengi kwa jua. Sansevieria hufunga vitundu hivyo mchana na kuvifungua usiku hewa ikiwa imepoa. Huvuta hewa ya ukaa gizani na kuihifadhi ndani ya jani ikiwa katika hali ya asidi, kisha kunapokucha huitumia kutengeneza chakula milango ikiwa imefungwa. Nanasi hufanya hivyo, na mkonge wa mashambani vilevile. Ndiyo maana mmea uliokwisha kushika mizizi huweza kupita miezi ya kiangazi bila kumwagiliwa hata mara moja, na unachopoteza ni kasi ya kukua tu.

Kinachoua sansevieria nyingi ni huruma. Mtu huiona imesimama katikati ya udongo mkavu, akaihurumia kama mgonjwa, akamwaga kopo la maji jioni, na kesho tena. Baada ya wiki kadhaa majani hulegea sehemu ya chini, hugeuka kahawia, kisha hung'oka yenyewe yakivutwa kwa vidole viwili. Mizizi imeoza.

Hapa ndipo udongo wa Usukuma unapoingia, na wakulima wa Maswa wanaujua kwa majina bila kumsubiri bwana shamba. Juu kwenye miinuko, karibu na mawe, kuna luseni, udongo mwepesi wa kichanga unaofaa karanga, mihogo na viazi vitamu. Ukishuka kidogo unakutana na itogolo, ambao chini yake kuna tabaka gumu lisilopitisha maji vizuri. Chini kabisa, bondeni, kuna mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba na kunata wakati wa mvua. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, aliwaeleza wanasayansi wenzake namna udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa utaratibu kutoka kilele hadi bondeni, akaupa mpangilio huo jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo linafundishwa hadi leo katika vyuo vya kilimo duniani kote. Wasukuma walikuwa tayari wakilima kwa kuufuata mnyororo huo.

Kwa sansevieria jibu ni luseni. Aliyejenga juu ya luseni apande moja kwa moja ardhini na asihangaike zaidi. Aliyejenga penye mbuga asithubutu kuchimba shimo na kulijaza mchanga, maana wakati wa masika shimo hilo hugeuka kisima: maji yote ya mfinyanzi unaolizunguka hukusanyika humo, na tunguu la mmea huoga hadi linaoza. Penye mbuga, mmea hupandwa juu. Inafaa kuinua tuta la futi moja hivi, lililochanganywa mchanga wa mtoni, changarawe na samadi kidogo iliyooza vizuri, na kulizungushia mawe ili mvua isilisombe. Samadi iwe kidogo kweli. Mmea huu ukinenepeshwa hutoa majani marefu malegevu yanayoanguka pembeni, na sura yake yote inapotea.

Jambo jingine dogo linalosahaulika ni paa. Watu hupenda kupanga maua upenuni, sambamba na ukuta, na kwa uzuri wa macho wanafanya sawa. Lakini mabati humwaga mvua yote katika mstari mmoja, na mmea uliopandwa juu ya mstari huo hupigwa, hufukuliwa na kulowekwa kwa wakati mmoja. Usogezwe hatua moja, ama ndani karibu na msingi, ama nje.

Wenye vyombo hawana sababu ya kununua vyungu vya mjini. Dumu la mafuta ya kula lililokatwa shingo na kutobolewa matundu chini linatosha. Atakayetumia chombo chembamba cha plastiki ajue kwamba matunguu ya sansevieria yana nguvu, na si ajabu kulikuta dumu limepasuka ubavuni, ncha nyeupe ikichungulia nje. Hiyo si hasara. Hiyo ni taarifa kwamba wakati wa kugawa umefika.

Na kugawa ndiko kwenye kisa chenyewe.

Mwenye mmea wenye ukingo wa njano akiombwa mche na jirani, njia inayomjia haraka ni kukata jani. Jani moja hukatwa vipande vya urefu wa kidole, vipande huchomekwa kwenye mchanga vikiwa havijageuzwa juu chini, na baada ya miezi michache huota mizizi na kutoa watoto. Inafanikiwa. Lakini watoto wote hutoka wakiwa na kijani na mabaka tu, bila hata uzi mmoja wa njano. Jirani huona amedanganywa, mwenye mmea huapa kwamba alitoa jani lenyewe kabisa, na wote wawili wanasema kweli.

Sababu iko ndani ya mmea. Sansevieria yenye ukingo wa njano ni kama mimea miwili inayoishi katika mwili mmoja. Tabaka moja la seli zake limepoteza uwezo wa kutengeneza ile rangi ya kijani, na tabaka jingine, la ndani, linao uwezo huo. Pale kwenye kikonyo cha kukulia, matabaka haya mawili hupanda pamoja kwa mpangilio uleule, na jani jipya huzaliwa likiwa na njano pembeni na kijani katikati. Jani likikatwa, chipukizi jipya huanzia kwenye seli za tabaka la ndani peke yake. Tabaka la njano halimo katika safari hiyo. Hata mbegu hazisaidii, kwa kuwa nazo hazibebi ule mpangilio wa matabaka mawili.

Njia pekee ya kupata njano ni kugawa tunguu. Mwishoni mwa kiangazi, udongo ukiwa mkavu, mmea hufukuliwa taratibu kwa jembe, udongo ukapukutwa, na matunguu yakaonekana yakiwa yamekwenda kando, kila moja likiwa limetoa chipukizi lake. Kisu kikali na safi hukata kati ya mama na mtoto, na mtoto abaki na majani yake matatu au manne na mizizi yake mwenyewe. Kisha awekwe kivulini siku kadhaa, hata wiki, hadi kidonda kikauke na kufanya gamba. Wengi hukosea hapo, wanapanda siku ileile na kumwagilia, na bakteria na kuvu wa udongoni hupata mlango ulio wazi. Baada ya kukauka, hupandwa kina kifupi, tunguu likiwa limefunikwa tu, na maji ya kwanza yasubiri siku chache.

Kuna ulinzi mwingine unaotakiwa. Mara moja moja fungu la njano hutoa chipukizi la kijani tupu. Liondolewe mapema. Jani la kijani lina uwezo mkubwa zaidi wa kutengeneza chakula kuliko lile lenye ukingo, kwa hiyo hukua haraka, na likiachwa miaka michache hulisonga fungu zima. Kinyume chake, chipukizi lililotoka njano tupu haliwezi kujilisha. Huishi kwa kumnyonya mama yake, na likitenganishwa naye hufa.

Mmea huu wenye ukingo wa njano una jina la mtu. Émile Laurent alikuwa profesa Mbelgiji wa mambo ya mimea aliyesafiri Kongo mara kadhaa, na akafariki mwaka 1904 akiwa njiani kurudi kwao. Mwaka huohuo mwenzake Émile De Wildeman aliuandika mmea huo kwa heshima yake, na mpaka leo wafanyabiashara wa maua duniani huuita Laurentii. Asili ya sansevieria ya aina hiyo ni misitu ya kuanzia Nijeria hadi Kongo. Kutoka huko ilikwenda Ulaya na Marekani, ikatawala madirisha ya nyumba na kumbi za hoteli. Mwaka 1939, katika kitalu kimoja cha New Orleans, lilionekana fungu fupi lililojikunja kama kiota, nalo likapewa hataza mwaka 1941 kwa jina la Hahnii. Ndicho kile kifupi kinachouzwa sasa kwenye vikopo mezani. Ni safari ya kuchekesha kidogo: mmea wa Afrika unarudi Afrika ndani ya kikopo, ukiwa na bei na jina la mtu wa Pennsylvania.

Afrika Mashariki haikuwa maskini wa jamii hii. Kati ya aina zipatazo 70 zinazojulikana, nyingi ziko ukanda huu, na Profesa Leonard Newton wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kenya, alitumia miaka mingi kuzichunguza na kuzipa majina kadhaa ya aina mpya. Pwani inayotazamana na Zanzibar kuna aina yenye majani mapana yaliyojaa madoa na kingo zenye mawimbi, ambayo John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, aliipeleka Kew huko London. Mtaalamu J. G. Baker akaitangaza mwaka 1887 kwa jina la Kirk. Nyuzi zake zilijulikana katika biashara kwa jina la Pangani, na watu wa pwani waliuita mmea huo mkonge. Hayo yalikuwa kabla ya mwaka 1893, Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge wa Meksiko kupitia Florida, ikafika 62 tu iliyo hai, ikapandwa karibu na Pangani hiyohiyo na kuzaa mashamba yote ya Tanga. Kwa hiyo anayeiita sansevieria "maua ya mkonge" ana historia upande wake. Ana sayansi pia, kwani wataalamu siku hizi huiweka mimea hiyo miwili katika familia moja pana, ile ya asparaga.

Karibu zaidi na Simiyu, ng'ambo ya Meatu kuelekea Ngorongoro, kuna korongo ambalo mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu la kale lililoishangaza dunia. Korongo hilo limepata jina kutokana na sansevieria ya porini, ile yenye majani magumu yenye ncha kali, ambayo Wamaasai huiita oldupai na kuitumia kwa kamba na kufungia. Huko Tsavo, Kenya, tembo huitafuna wakati wa ukame kwa ajili ya maji yake na kutema nyuzi. Mmea uliozoea kuishi na tembo na jua la namna hiyo hautatishwa na kiangazi cha Ipililo.

Maua yake huwashangaza wengi, maana kuna watu wamekaa na mmea miaka kumi bila kujua kwamba hutoa maua. Huchanua ukiwa umekomaa, mizizi imebanana, na mwanga unatosha. Ukifichwa pembeni mwa sebule yenye giza, hautatoa kitu. Kikonyo hupanda kati ya majani kikiwa na maua membamba, meupe yenye kijani kidogo, yaliyojaa utomvu mtamu unaonata. Hufunguka jioni na kunukia usiku kucha, kwa kuwa wageni wake ni nondo. Baadaye huja vitunda vyekundu kuelekea rangi ya chungwa. Chipukizi lililochanua halitoi majani mapya tena, ila haliwi mzigo: hubaki hai na kuendelea kuzaa watoto kando. Mwanga huohuo ndio unaokoleza njano. Kivuli chepesi cha mwembe ni pazuri, na jua kamili linavumilika kama mmea umezoeshwa kidogo kidogo. Ulioletwa kutoka kitalu cha kivuli na kuwekwa ghafla juani huungua mabaka meupe yasiyofutika.

Wauzaji wa mijini wana neno jingine la kuvutia mteja: kwamba mmea huu husafisha hewa ya nyumba. Chanzo ni utafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, wa mwaka 1989, ambapo B. C. Wolverton aliweka mimea ndani ya masanduku yaliyofungwa kabisa na kupima sumu zilizopungua. Lakini nyumba si sanduku. Mwaka 2019 watafiti wawili, Cummings na Waring, walipitia tafiti za aina hiyo na kukokotoa kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili kufikia kazi inayofanywa na hewa ya kawaida inayoingia na kutoka. Dirisha lililofunguliwa linatosha. Mmea ununuliwe kwa uzuri wake.

Nyumba yenye mtoto anayetambaa iuweke mbali kidogo, kwani majani yana kemikali inayofanya povu na huleta kichefuchefu na kutapika yakitafunwa. Mbwa na paka nao hudhurika. Mbuzi ni suala jingine. Mbuzi wa Maswa huanza na kila kitu kingine uwanjani kabla ya kulifikia jani hili gumu, na hiyo ni sifa ambayo waridi haliwezi kujigamba nayo. Vidung'ata hujificha kwenye maungio ya majani, na kitambaa chenye maji ya sabuni huwamaliza. Mabaki ya matunguu yasitupwe porini wala kwenye kingo za mito. Huko Queensland, Australia, mmea huuhuu umeorodheshwa kati ya mimea vamizi kwa sababu watu waliutupa nyuma ya nyumba nao ukaota, ukafunika ardhi. Mkoa unaopakana na Serengeti na wenye Pori la Akiba la Maswa hauna haja ya tatizo hilo.

Wanaostahili kuusikia ujumbe huu kwanza ni walimu wakuu. Katika shule nyingi za vijijini wanafunzi bado huagizwa kuja na dumu la maji asubuhi kwa ajili ya bustani ya maua mbele ya ofisi. Mtoto hutembea na maji ambayo nyumbani kwao yangepikia uji, na mwezi wa nane ua lenyewe hufa pamoja na hayo. Shule yenye fungu moja tu la sansevieria ya ukingo wa njano inaweza kuligawa kila mwaka, ikazungushia njia ya kwenda darasani bila dumu hata moja, na somo la sayansi likafanyika palepale: kundi moja likapanda vipande vya jani, jingine likapanda machipukizi, kisha darasa zima likaona lenyewe njano imekwenda wapi.

Wakati mzuri wa kugawa ni Septemba kwenda Oktoba, kabla mvua hazijashika. Asiye na mmea amwombe jirani chipukizi lenye mizizi, na akipewa jani, ashukuru, lakini aombe tena.